LAS VEGAS: Mji usiotundika saa ukutani

Wiki hii safari yetu inatupeleka jangwani Nevada, kule Marekani, kwenye mji ambao watu huingia na mabulungutu na wengine hutoka na nauli tu. Las Vegas, bwana!

Ukishuka kwenye ndege, kabla hujaliona hata begi lako, mashine za kamari hizo hapo, zinalia na kuwaka taa humohumo uwanjani. Mwenye haraka ya kuliwa anaanzia palepale. Ila kama hujatimiza miaka 21, wewe tazama tu, mwanangu.

Wageni wengi hukimbilia Strip, barabara ya mahoteli marefu kama milima. Sisi twende mji wa zamani, Mtaa wa Fremont, ulioezekwa kwa dari la mataa tangu mwaka 1995. Usiku pale ni mchana mtupu. Ndipo lilipo jengo la Binion's, ambalo enzi zake liliitwa Horseshoe. Mzee Benny Binion alilifungua mwaka 1951, na mwaka 1970 akaanzisha humo mashindano ya dunia ya poka. Kwa miaka mingi palikuwa na kiatu cha farasi kikubwa, ndani yake noti 100 za dola 10,000. Dola milioni moja taslimu! Wageni walipiga nazo picha bila kulipa senti. Noti hizo baadaye ziliuzwa, na mwaka 2005 mashindano yakahama. Siku hizi yanafanyika kwenye Strip.

Ukiwa ndani ya kasino angalia kuta. Saa hakuna. Dirisha la kukuonyesha kwamba kumekucha, hakuna. Mhudumu anakuletea kinywaji cha bure, mradi tu unacheza. Kweli ni bure? Utakilipia mbele ya safari!

WALIOPAA, WAKAANGUKA

Mji huu una visa. Mwaka 1992 jamaa mmoja, Archie Karas, aliingia hapa na dola 50 tu mfukoni. Akakopa 10,000, akaanza kucheza. Inasimuliwa kwamba kufikia mwaka 1995 alikuwa amevuna zaidi ya dola milioni 40. Unadhani alinunua mashamba akastarehe? Thubutu! Aliendelea kuweka mapene mezani, akahamia kwenye dadu, na zote zikayeyuka.

Mwingine ni Stu Ungar, ambaye wengi wanasema hajatokea mkali wa karata kama yeye. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1980, akarudia 1981. Mwaka 1997 alikuwa amechacha kiasi kwamba kiingilio cha dola 10,000 alilipiwa na mtu. Akashinda tena, dola milioni moja, wakagawana nusu kwa nusu. Novemba 1998 alikutwa amekufa kwenye chumba cha gesti ya bei poa hapohapo Las Vegas, akiwa na miaka 45. Dawa za kulevya zilikuwa zimeuchakaza moyo wake, na kwenye farasi na michezo mingine alikuwa akiliwa kila alichokivuna kwenye karata.

Umeona? Akili ya karata walikuwa nayo. Kilichowashinda ni kuutunza mtaji.

MTAJI NA ASILIMIA TANO

Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa kawaida tu, aliingia mashindanoni kwa kushinda mchezo wa dola 86 kwenye intaneti. Akaondoka na dola milioni 2.5! Kuanzia hapo vijana dunia nzima wakajifungia vyumbani na kompyuta, kila mmoja akijiona bingwa ajaye.

Mwaka 2006 bingwa mwingine, Chris Ferguson, akataka kuonyesha kwamba mtu anaweza kuanza na sifuri kabisa, kwa mashindano ya bure, akafika dola 10,000. Sharti lake lilikuwa rahisi: usikae mezani na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wako. Una dola 1,000? Mwisho wako 50. Mtaji ukipungua, unashuka meza ya bei ndogo bila kuona haya. Alifanikiwa, lakini ilimchukua zaidi ya mwaka. Bandu bandu humaliza gogo, na huku bandu bandu hujenga gogo.

Kwa nini kidogo hivyo? Piga hesabu. Ukipewa ree mbili na mwenzako wafalme wawili, wewe unashinda kama mara nne kati ya tano. Maana yake ile ya tano unaliwa, tena ukiwa umecheza sahihi kabisa! Na kwenye kasino utapata kama mikono 30 kwa saa, wakati kwenye kompyuta unafungua meza nne kwa mpigo. Gundu la mwezi mzima linakushukia kwa siku chache.

Tena ukipoteza nusu ya mtaji, huirudishi kwa kushinda nusu. Dola 100 zikibaki 50, sharti uzidishe mara mbili ndipo urudi ulipokuwa. Ndiyo maana anayepandwa na mori akakimbilia meza kubwa ili "arudishe chake" huishia kuuza redio.

GUNDU LIKIKUANDAMA

Wakali wa huku wana kawaida zao. Wanapanga kabla ya kukaa: nikiliwa kiasi hiki, nasimama. Wanaandika kila walichopata na walichopoteza, kwa kuwa kichwa hukumbuka ushindi tu. Hawagusi pesa ya kodi wala ya kukopa. Na mioyo ikianza kwenda mbio, wanakula kona wakalale.

Lingine: usiweke kila kitu kwenye intaneti. Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia kampuni kubwa za poka, na wateja wa Full Tilt, kampuni ambayo huyohuyo Ferguson alikuwa mmoja wa wakurugenzi, wakasubiri pesa zao kwa miaka. Asilimia 5 haikuwasaidia kitu.

Kumbuka pia kwamba kila pesa zikikusanywa katikati ya meza, mwenye nyumba anamega chake. Kwa hiyo ukijumlisha wachezaji wote pamoja, wanapoteza. Wewe wa mkeka wa Jumamosi, hesabu hiyo inakuhusu pia.

Basi ukifika Fremont, tembea, shangaa mataa, piga picha. Ukishindwa kujizuia, ingia na pesa uliyokwishaiaga, tena saa yako uivae mkononi. Ya ukutani hutaikuta!

Tukutane wiki ijayo.