Udhuru wa Barabarani

Wakusanyaji wa utamaduni wetu wamekwenda vijijini na vinasa sauti, wakarudi na ngoma, vitendawili, methali na nyimbo za jandoni. Kazi hiyo ni njema, nasi tumenufaika nayo. Lakini iko fasihi simulizi moja ambayo hatujapata kuiona katika kitabu chochote, ingawa hutungwa kila siku kando ya barabara zetu kuu, mbele ya msikilizaji mmoja tu aliyevaa sare nyeupe. Nayo ni udhuru wa dereva aliyesimamishwa na trafiki.

Mwalimu wetu katika somo hili ni sajini mstaafu, Mnyamwezi wa Tabora, ambaye hunywa nasi kahawa barazani kila jioni. Aliingia katika kazi ya usalama barabarani akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1970, akaiacha mvi zikiwa zimebaki pembeni mwa kichwa tu, maana utosini hapakuwa na kitu cha kuota mvi. Yeye huzikariri nyudhuru za madereva kama wengine wakaririvyo mashairi, na sisi tuliozoea kuhesabu mizani twakiri kwamba mara nyingine twamwonea wivu.

Zama zilizokuwa na rutuba kuliko zote, asema, zilikuwa zile za marufuku ya Jumapili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta yalipokuwa adimu na fedha za kigeni hazipatikani, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ila kwa kibali. Basi kwa kuwa mgonjwa hazuiliwi kwenda hospitali, kila Jumapili alasiri maradhi yalifumka mjini Dar es Salaam. Sisi wenyewe tuliwahi kuwa mmoja wa wagonjwa hao. Tulikuwa na umri wa miaka minane. Mjomba wetu alikuwa na Peugeot 404, na saa zilimpita arusini Temeke. Tukalazwa kiti cha nyuma, tukafunikwa khanga mbili, tukaagizwa tugumie kila gari litakapopunguza mwendo. Askari akainama dirishani. Mjomba akasema, "Malaria, Afande. Imempanda kichwani." Askari akatugeukia sisi: "Mwanangu, wapi panauma?" Nasi tuliokuwa tumekula pilau kupita kiasi tukajibu kweli tupu: "Tumbo." Yule bwana akaingiza kichwa ndani kidogo, akavuta pumzi, akamwambia mjomba, "Malaria hii inanuka mdalasini. Ifikishe nyumbani upesi, na Jumapili ijayo isitoke."

Sajini hakuwa yeye, lakini akisikia kisa hiki hucheka na kusema kwamba angefanya vivyo hivyo. Yeye ana chake cha teksi bubu. Kabla ya mwaka 1983, serikali ilipoanza kutoa leseni kwa mabasi ya watu binafsi mjini, kubeba abiria ilikuwa kazi ya shirika la umma, na magari yaliyobeba watu kwa siri ndiyo yaliyopewa jina hilo. Gari lilikuwa bubu. Dereva hakuwa bubu hata kidogo. Siku moja Sajini alisimamisha gari dogo lenye watu tisa. "Hawa wote ni ndugu zangu, Afande," alisema dereva. "Twaenda msibani." Sajini akawashusha mmoja mmoja, akawauliza kwa kunong'ona jina la marehemu. Akapata marehemu saba. Abiria wawili walimjibu kwamba marehemu bado hajafa. Dereva aliandikiwa faini, ingawa mwandiko, asema Sajini, haukusomeka kwa kicheko.

Msomaji asidhani kwamba twaleta vichekesho vitupu. Yatazame maneno yenyewe. Dereva wetu hajitetei kwanza, huamkia. Tena huamkia akijua anachofanya. Sajini amesimulia habari ya dereva wa lori, mzee wa miaka sitini, aliyeshuka kwenye kiti chake, akavua kofia, akamwambia kijana wa miaka ishirini na minne, "Shikamoo, Afande." Kijana huyo alikuwa ni Sajini mwenyewe. Kuitikia marahaba hakuweza, maana mtu yule alikuwa rika la baba yake. Kutoitikia hakuweza pia. Alibaki ameshika kitabu cha faini, ulimi umekauka, mpaka mzee akapanda lori lake na kuondoka. "Shikamoo ile," alituambia, "ilikuwa nzito kuliko noti." Noti nazo zilikuwepo, wala hatutaficha. Baadhi ya udhuru uliosifiwa katika baraza hii ulikuwa dibaji tu ya mkono uliokunjwa, na Sajini akifika hapo hunyamaza, akaagiza kahawa nyingine.

Siku hizi mambo yamebadilika. Askari hushika kile ambacho madereva wamekibatiza jina la tochi, kipimo cha mwendo kasi, na kwenye makazi ya watu gari halitakiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Kosa hupigwa kwenye mashine ndogo ya mkononi, ikatema karatasi yenye namba ya malipo: shilingi 30,000. Mashine haina umri wala kabila, na haiamkiwi. Hata hivyo fani haijafa. Juzi tu, ndani ya basi, tulimsikia dereva aliyenaswa na 72 akisema kwa upole mkubwa, "Afande, hamsini ni zangu. Hizo ishirini na mbili ni za mteremko." Abiria tulicheka sote, na askari alicheka, karatasi ikatoka vilevile. Tuliliona jambo hilo kuwa gumu kidogo. Jioni tukamlalamikia Sajini kwamba sheria imepoteza masikio. Tulidhani atatuunga mkono. Badala yake alitusimulia kisa ambacho kwa miaka yote ya ujirani hakuwahi kukitaja.

Ilikuwa mwaka 1994, kwenye barabara ya Kilwa, karibu na Mbagala. Pikapu ilitoka upande wa Mkuranga imejaa nazi. Tairi la mbele kulia lilikuwa kipara kabisa, nyuzi zaonekana. Dereva alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara iliyotoka bara na pembe za ndovu. Sajini akamwonyesha tairi. Yule bwana akalitazama, kisha akakitazama kichwa cha Sajini, maana kofia alikuwa ameivua kwa joto. "Mtani," akasema, "tairi hili lina kipara kama wewe. Mbona wewe hawajakuzuia kutembea barabarani? Tena babu zako walifika pwani kwa miguu, mizigo kichwani, hawakuulizwa hata leseni!" Sajini alicheka mpaka akashika boneti. Akamwambia aende, anunue tairi akishauza nazi.

Baada ya wiki tatu aliitwa kupima ajali. Alilitambua gari kabla hajafika. Alipima kwa utepe, akaandika katika daftari: tairi la mbele kulia limepasuka. Alituambia kwamba mkono wake haukutetemeka. Ulikuwa mzito tu.

Akaenda mazikoni, Kisarawe. Mtani hasusi msiba wa mtani wake. Kazi yake pale yajulikana: awatanie wafiwa, aige mwendo wa marehemu, alizuie jeneza njiani mpaka apewe chochote, ili waliao wapate kupumua. Watu walipomjua kuwa ni Mnyamwezi, walimfanyia nafasi. Yeye akasimama kimya. Mama wa marehemu akasema, "Mtani, umekuja kutuangalia tu?" Jua lilikuwa kali. Sajini, asijue la kufanya na mikono yake, akavua kofia.

Kicheko kikalipuka kwa wanawake waliokaa mkekani, kikaenea hadi kwa watoto. Kumbe marehemu alikuwa amewasimulia nyumbani kisa cha tairi na kipara, jioni ileile aliporudi kuuza nazi. Mama mtu alicheka huku akifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Sajini akaivaa tena kofia yake, akaenda makaburini kupokea jembe.