Fidla Harusini, Fidla Ukumbini

Katika miaka ya 1980 nilikuwa mwanafunzi Bucharest. Umeme na mkaa vilibanwa mno, watu wakawa wanakwenda kusikiliza muziki huku wamevaa makoti. Hata hivyo, ukumbi wa Ateneul Român ulijaa. Usiku mmoja okestra ilipiga Rapsodi ya Kwanza ya Romania, ambayo George Enescu aliitunga mwaka 1901. Klarineti ilianza, obo ikaijibu, na wazee walionizunguka wakatabasamu: ule wimbo wa mnywaji mwenye sarafu moja mfukoni walikuwa wameusikia vilabuni tangu ujana wao. Kuelekea mwisho ulikuja ule wa kipozamataza, mbio mbio, na makofi yakaufuata kabla mwangwi haujaisha.

Nilifurahi. Lakini kilichonishika hadi leo ni Sonata ya Tatu ya fidla na piano, ya mwaka 1926, niliyoisikia baadaye kwenye chumba kidogo cha chuo cha muziki.

Enescu alizaliwa kijijini Liveni mwaka 1881. Mpiga fidla wa Kiroma ndiye aliyemwonyesha njia za mwanzo; kisha akapelekwa Vienna angali mtoto, halafu Paris, alikofundishwa na Massenet na Fauré. Katika sonata hii hakuazima wimbo hata mmoja wa kijijini. Alichochukua ni mkono wa walautari, wale wapigaji wa harusini: kuteleza kutoka sauti hadi sauti, kutetemesha, kukawia kidogo kabla ya kutua. Yote hayo akayaandika kwa wino, alama kwa alama. Piano nayo inaiga tsambali, lile sanduku la nyuzi zinazogongwa kwa vijiti viwili.

Mimi nimekulia Unguja, kwenye taarabu, kwa hiyo sauti za sonata ile zinazokaa kati ya noti mbili za piano hazikuwa ngeni kwangu. Romania iliishi karne nyingi chini ya kivuli cha Waturuki, na muziki wao ukaacha alama huko. Taarabu yetu ilipata mengi kutoka Cairo, nako Waturuki walitawala. Nilisikia undugu huo waziwazi, nikalia mbele za watu.

Inaniuma kwamba wengi wanamjua Enescu kwa rapsodi ile tu. Akija kijana kuniuliza aanzie wapi, namwelekeza kwenye rekodi ya sonata iliyofanywa Bucharest mwaka 1943, fidla akiipiga Enescu mwenyewe na piano Dinu Lipatti. Rapsodi itamngoja.