Kisu Kilichongoja Dawa

Wahenga walinena kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hiyo ndiyo aliyonijibu nayo ami mwaka 2019, nilipoketi baina yake na daktari nikiwa mkalimani. Saratani ilikuwa imeanzia figoni ikaenea hadi mapafuni. Daktari alipendekeza vidonge vya sunitinibu kwanza, upasuaji ufuate iwapo uvimbe ungetulia. Nami, kwa pupa ya mwanafunzi wa lugha, nikatamka: "Upasuaji umeahirishwa." Ami akainama. Kwake, kuahirishwa kulikuwa kukatiwa tamaa.

Nilirejea chuoni nikasoma. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018, uliofanywa zaidi Ufaransa kwa wagonjwa 450, ulionyesha kuwa walioanzishiwa sunitinibu bila upasuaji hawakuishi muda mfupi kuliko waliotolewa figo kwanza ndipo wakapewa dawa hiyo. Baadhi yao walipasuliwa baadaye. Sababu yaeleweka: saratani iliyokwisha kusambaa haimo figoni pekee. Dawa huifuata mwilini kote, ilhali kisu hukomea kilipokata, na majuma ya kuuguza kidonda huichelewesha dawa. Aidha, daktari hupata kujua kama uvimbe unaisikia dawa kabla ya kumpasua mgonjwa.

Jioni nilimpigia ami simu.

"Hawakuahirisha, ami. Wametanguliza dawa."

Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Kidonge cha kwanza nakimeza saa ngapi, mwanangu?"

Naam, ndugu msomaji, tangu siku hiyo sitafsiri neno kabla ya kumtazama atakayelibeba.