Madamu Flati Skrini na dumu la maji

Najua nimepotea kidogo, testi na asaimenti zilinibana kweli. Leo maji yamekatika hosteli tangu asubuhi, hakuna kufua, basi acha niwape stori ambayo nimekaa nayo muda mrefu.

Mwaka jana nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, siku ya pili tu, nikiwa naandika ubaoni nikasikia sauti kutoka dawati la nyuma: "Madamu flati skrini!" Darasa zima likaangua kicheko. Nikajifanya sijasikia, ila chaki ilikuwa inatetemeka mkononi. Kuanzia siku ile nikawa nafundisha nimewatazama wao tu, ubaoni nageuka kwa lazima. Nikaanza kuvaa kanga mbili ndani ya sketi ili nijazie. Jamani msinicheke.

Bumu lilipotoka nikatenga elfu 40 ya dawa ya kupaka, ile ya kuongeza makalio. Shosti wangu wa chumbani ndiye aliyekuwa anaitumia, ananiambia, "Utaona mwenyewe." Nilichoona mimi ni yeye kuamka usiku anajikuna, na kopo lenyewe halina hata maandishi ya kilichomo ndani. Nikaogopa.

Sasa kuna kaka mmoja anasoma elimu ya viungo. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, akanielewa, wala hakucheka. Akasema: "Dada, tako ni msuli, tena ndio msuli mkubwa kuliko yote mwilini. Ukiubebesha mzigo na kuulisha, unakua. Krimu haibebi mzigo."

Basi akanipa mazoezi matatu, siku tatu kwa wiki, kila zoezi mara 12, mizunguko 3:

1. Kuchuchumaa. Miguu upana wa mabega, unasukuma makalio nyuma kama unakaa kwenye kigoda, visigino visinyanyuke, mgongo usipinde. Unakumbatia dumu la maji kifuani.

2. Hatua ndefu mbele, goti la nyuma likaribie sakafu, unarudi, unabadilisha mguu.

3. Kulala chali, magoti yamekunjwa, unainua kiuno na kubana makalio, unahesabu mbili, unashuka taratibu.

Siri ni kuongeza mzigo. Nilianza na lita 5, mara 12 zikiwa rahisi naongeza maji. Na siku ya kupumzika upumzike kweli, maana msuli unajijenga ukiwa umepumzika. Ile elfu 40 ikaishia kwenye mayai, dagaa na maharage.

Wiki ya kwanza nilishuka ngazi kama bibi kizee, nikatamani kuacha. Baada ya miezi minne nikajipima kwa tepu ya fundi cherehani: kutoka sentimita 92 hadi 95. Ndiyo, tatu tu! Sitawadanganya, mifupa ya nyonga niliyorithi kwa bibi haibadiliki kwa mazoezi, na sura ya wale dada wa kwenye video sina. Ila sketi inakaa vizuri bila kanga.

Na leo asubuhi nimepandisha dumu la lita 20 mpaka ghorofa ya nne bila kulitua hata mara moja. Mwaka wa kwanza nilikuwa natua kila ghorofa na kuomba msaada kwa wakaka.

Mwaka huu tunarudi tena kufundisha. Kicheko kinaweza kuwepo tu, watoto ni watoto. Lakini nitageuka ubaoni. Na nikikuta binti wa kidato cha pili kapewa jina kama langu, nataka niwe na kitu cha kumwambia kuliko kumwelekeza kwenye kopo.

Shosti bado anapaka. Jana nimemwambia tuchuchumae wote, kasema atafikiria. Dumu nimeliacha katikati ya vitanda vyetu.