Rangi ya Ngozi na Tabia ya Mtu

Mara nyingi nimewasikia wenzangu wakidai kwamba rangi ya ngozi humpangia mtu tabia: eti mweupe huringa, eti mweusi ti ni mkali. Mimi siamini. Wanadamu wote tuna takriban idadi ile ile ya seli zinazotengeneza melanini. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini yenyewe. Seli hizo hazijui kuringa.

Hata hivyo, siwezi kusema rangi haina athari. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia wa Marekani, Kenneth na Mamie Clark, waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu ila rangi. Wengi walimchagua mweupe wakamwita mzuri. Mweusi wakamwita mbaya. Kisha wakaulizwa ni yupi anayefanana nao. Wengi wakamwonyesha yule yule waliyemwita mbaya. Swali hilo la mwisho ndilo hunikosesha raha. Kazi ya Kenneth ilitajwa katika hukumu ya Mahakama ya Juu iliyoharamisha utengano wa rangi katika shule za umma mwaka 1954.

Watoto wale hawakuzaliwa na chaguo hilo; walifunzwa. Nasi je? Binti wa maji ya kunde husifiwa harusini, naye dada yake mweusi hununua mafuta ya kujichubua, mengine yakiwa na zebaki inayodhuru figo. Akianza kuwa mkimya, akikwepa jua na kamera, jamaa husema ndivyo alivyoumbwa.