Mgeni, Mwenyeji na Neno Kuzoea

Kiswahili humwita mtoto mchanga mgeni. Husemwa kwamba nyumba fulani imepata mgeni, na majirani huenda kumwona wakiwa na sabuni na khanga mikononi. Neno hili nimelisikia tangu utotoni, lakini uzito wake ulinifikia mke wangu alipokuwa mja mzito, nasi tuna mbwa aitwaye Simba, aliyezoea kulala kizingitini mwa mlango wetu. Ikiwa mtoto ni mgeni, basi mbwa yumo miongoni mwa wenyeji. Methali yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilijiuliza: je, huyu mwenyeji wa miguu minne atapona, au atahesabiwa kuwa ugonjwa?

Swali hilo halikuwa la mzaha. Bibi yangu, aliyekuja kukaa nasi kumngojea kitukuu, alilitamka waziwazi jioni ya kwanza. "Mjukuu wangu," alisema, "mbwa na kichanga hawakai ua mmoja. Mpe mtu, au mwachie huko barabarani ajitafutie." Akaongeza ile methali ya wazee: "Ukicheza na mbwa, utaingia naye msikitini." Bibi ni mtu wa swala tano, naye alikuwa na hoja mbili: unajisi na hatari. Nilimjibu kwa adabu kwamba hoja zote mbili nazipokea, ila naomba miezi miwili.

Hoja ya unajisi ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, kwa kuwa bibi mwenyewe anaijua sheria. Katika madhehebu ya Shafii, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na huyu wetu ni wa shamba. Vugiri, katika milima hii ya Usambara wilayani Korogwe, mahindi yasiyo na mlinzi ni karamu ya ngedere na nguruwe mwitu. Nikamkumbusha pia Mbegha, anayesimuliwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, akaogopwa na watu wake. Alikuja Usambara kutoka Nguu akiwa mwindaji mwenye mbwa, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, na mwishowe akapewa utawala huko Vuga. Ufalme wa milima hii, basi, ulitanguliwa na nyayo za mbwa. Bibi alicheka, akasema Mbegha hakuwa na mjukuu mbishi.

Hoja ya hatari ndiyo iliyokuwa nzito. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakina tiba. Na Shirika la Afya Duniani husema kuwa takriban asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini tazama ushauri wa kumwacha mbwa barabarani unatufikisha wapi. Mbwa aliyetupwa huwa koko: hana chanjo, hana mlezi, ana njaa. Ningekuwa nimeiondoa hatari kizingitini kwangu na kuiweka kwenye njia ya watoto wa wenzangu waendao shule. Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kumpatia Simba chanjo, ambayo hurudiwa kwa wakati wake, na dawa ya minyoo, kwa sababu mayai ya minyoo ya mbwa hukaa katika udongo uleule ambao mtoto atautambaa.

Baada ya hapo ndipo lilipoingia neno lenyewe. Mtoto hulelewa, mbwa hufugwa. Vitenzi hivi viwili haviingiliani, na mtu akisema anamlea mbwa huchekwa. Lakini kipo kitenzi kinachowakusanya wote, nacho ni kuzoea. Mtazame uzao wake: zoea, zoeza, zoeana, mazoea, mazoezi. Nilikuwa nikidhani kwamba nitamfundisha Simba, kumbe kazi ilikuwa kumzoeza. Anayefundishwa hupewa jambo kwa maneno. Anayezoezwa hupewa muda.

Tulianza na mahali pa kulala. Nilimjengea kibanda karibu na jiko la uani, wiki nyingi kabla ya mtoto, ili asije akamhesabia mgeni kosa la kuhamishwa kwake. Kisha tukabadili salamu: akiruka, hapati neno, akitulia miguu yote chini, anasemeshwa. Mke wangu akawa anapita uani amebeba mbelekoni furushi la khanga, akiliimbia, huku majirani wakituonea huruma. Jioni, Simba alipokuwa akila ugali na dagaa, niliwasha kwenye simu kilio cha kichanga, kwanza kwa sauti ya chini, halafu kwa kuipandisha kidogo kidogo. Mtoto alipozaliwa, nilitangulia nyumbani na khanga aliyofungwa, nikamwacha Simba ainuse kwa umbali wa mkono. Kwa mbwa, pua ndiyo hujua kwanza. Jina na sura hufuata.

Siku arobaini za uzazi, ambazo mama na mtoto hukaa ndani, zilitufaa kuliko ushauri wowote. Simba alisikia kilio ukutani, akainusa harufu mlangoni, wala hakuona mtu. Katika siku hizo, mikesha ikiwa mingi, niliandika ubeti huu:

Simba lala kibandani, makao uyazoee,
Kuna mgeni nyumbani, kwa utu umpokee,
Akilia kitandani, wewe usimbwekee,
Ulivyolinda shambani, na kwake uendelee.

Rafiki yangu mshairi alinihoji: yawezekanaje kumtaka mbwa utu? Nilimwambia kwamba sarufi ilikwisha kunitangulia. Twasema mtoto amelala, mbwa amelala. Mtoto analia, mbwa analia. Neno mbwa halina umbo la ngeli ya mtu, ila kiambishi cha kitenzi humkalisha jamvi moja nasi.

Siku ya arobaini mtoto alitolewa nje akiwa mikononi mwa bibi mwenyewe. Nilikuwa nimemshika Simba kwa kamba. Alinyoosha shingo, akanusa hewa, akalala chini. Bibi akamtazama kitambo, akatamka neno moja: "Kazoea." Hakumsifu, wala hakuomba tena aondolewe.

Hata hivyo, neno hili lina upande wa pili ambao lugha yetu haikuuficha. Mazoea ni urafiki, na mazoea ni uzembe pia. Mtu aliyezoea hulegeza macho. Ndiyo maana kwetu ipo kanuni isiyojadiliwa: mtoto na mbwa hawaachwi peke yao, hata kwa muda wa kuepua chungu jikoni. Mbwa mpole akivutwa sikio bado ana meno. Na akimng'ata mtu, kidonda huoshwa kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15, kisha safari ya hospitali huanza saa hiyohiyo.

Washairi wenzangu, nimekitafuta katika Kiswahili kitenzi kimoja chenye maana ya kuzoeana huku mkichungana, nisikipate. Huenda kimo katika lahaja ya kwenu, au katika lugha ya bibi zenu. Kikiwapo, naomba mkilete; nyumba yangu inakihitaji kila siku.