Mbege ya ukweni haipimwi kwa kiganja

Basi mwenzenu nilipanda Marangu kumsindikiza rafiki yangu kwenye posa. Uchagani huendi ukweni mikono mitupu, lazima mbege. Tukafikia kwa bibi yake, mpishi wa siku nyingi.

Ndizi mbivu alishazichemsha, zikakaa siku kadhaa mpaka zikachacha. Ulezi ulioota nao umeshasagwa. Kilichobaki ni msesewe, magome ya mti yanayotia uchungu, kazi ile ile ya maua ya hopsi kwenye bia za kiwandani. Mimi na kiherehere changu nikachota viganja viwili.

"Wee mjukuu wangu! Unataka tunyimwe mke?" Bibi akaninyang'anya.

Akanieleza: msesewe ukipungua, mbege inapooza kama togwa. Ukizidi, mkwe anatema, na maneno yanaishia hapo. Akachemsha kidogo, akaonja, akaongeza chembe, akaonja tena. Ndipo akapika uji wa ulezi, ukapoa, akauchanganya na zile ndizi zilizochujwa. Vikalala pamoja.

Kesho yake baba mkwe akapokea kata, akanywa, akanyamaza. Roho juu! Mara akarudisha kata ijazwe.

Jamani, uchungu nao una kipimo chake, nacho ni ulimi.